Unatoka Kiwanjani kwenda Pwani? Soma hii kabla ya kutuma pesa ya nyumba

Ikifika mwezi wa 12, tunajua kinachoendelea Kiwanjani. Mbuzi wawili wameuzwa, chama kimegawa pesa, na watoto wanauliza bahari iko vipi. Halafu picha inaingia WhatsApp: nyumba nyeupe, bwawa la kuogelea, "hatua chache hadi baharini", tuma nusu leo kabla hajachukua mwingine. Ngoja kwanza.

Jua unaenda upande gani. Kisiwa cha Mombasa ni mji: utaona Fort Jesus na Mji wa Kale, lakini ufuo mrefu wa mchanga uko nje ya kisiwa. Bamburi, kaskazini, kuna matatu na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta. Diani iko kusini. Bila gari lako utavuka feri ya Likoni, upande matatu hadi Ukunda, kisha tuktuk au boda. Lamu ni nzuri, lakini unamalizia kwa boti kutoka Mokowe, na wewe tayari umetoka Isiolo hadi Nairobi kwa basi. Kwa familia inayoenda mara ya kwanza, sisi tungechagua Bamburi.

Muulize mwenye nyumba unashuka stage gani, kisha uangalie kwenye ramani. Nyumba ya bei rahisi iliyo mbali na ufuo itakula akiba yako kwa nauli, asubuhi na jioni. Uliza pia kama maji ya bomba ni ya chumvi, kama feni inafanya kazi, na nani ananunua tokeni za stima. Hilo la tokeni limeharibu likizo nyingi!

Sasa pesa. Akikupa till au Paybill, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Lifanane na jina la biashara uliyoambiwa. Akikupa nambari yake binafsi, si lazima awe tapeli, kwa sababu walinzi na wasimamizi wengi wa nyumba hupokea hivyo. Lakini mpigie simu ya video saa hiyo hiyo, akuonyeshe geti, chumba na barabara ya nje. Akisema network mbaya mara tatu, achana naye. Hoteli nayo iulize leseni yake ya Tourism Regulatory Authority.

Usitume yote. Lipa usiku mmoja, nyingine ulipe ukishika ufunguo, na usifute ujumbe wa malipo.

Na kama umeshatuma kisha mtu akazima simu? Tupigie sisi mara moja, usipoteze saa nzima ukimtafuta. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti yake, tunaweza kuizuia. Akishaitoa kwa wakala, ni vigumu sana kuirudisha. Hapo piga ripoti polisi ukiwa na ule ujumbe. Na mtu akikupigia akisema anatoka kwetu, anataka PIN yako ili akurudishie pesa, huyo ni tapeli wa pili. Kata simu.