Maji ya Jiji, Mashamba ya Mlimani: Jinsi Bonde la Mto Zigi Linavyopangwa

Maji yanayotoka kwenye mabomba ya jiji la Tanga huanzia katika Milima ya Usambara Mashariki, ndani na kandokando ya misitu ya Amani wilayani Muheza, ambako mvua hufikia wastani wa milimita 1,900 hivi kwa mwaka, na ambako vijito vingi, pamoja na tawi kubwa la Kihuhwi, huungana kuwa Mto Zigi unaoteremka hadi Bwawa la Mabayani na kisha kuingia Bahari ya Hindi karibu na jiji hilo. Eneo lote ambalo mvua yake humiminikia mto mmoja huitwa bonde la mto, na sehemu ya bonde inayolisha tawi au kijito fulani huitwa kidakio. Mipaka ya maeneo hayo huwekwa na migongo ya vilima, wala haifuati mipaka ya kata, wilaya au mkoa, na kwa sababu hiyo mkulima wa iliki aliyeko Amani na mama lishe anayeosha vyombo Ngamiani, jijini Tanga, wamo ndani ya jambo moja ingawa hawana diwani mmoja, hawahudhurii mkutano mmoja na pengine hawatakutana maishani.

Kupanga bonde ni kuamua nani atumie maji kiasi gani, ardhi ipi ilimwe na ipi iachwe, nani agharimie hifadhi, na nani awe na sauti katika maamuzi hayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, iliyotokana na Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002, iligawa kazi hiyo kwa ngazi: juu kuna wizara na Bodi ya Taifa ya Maji, chini yake bodi za mabonde tisa ya nchi, kisha kamati za vidakio, na mwishoni jumuiya za watumia maji, ambazo ni vikundi vya watu wanaotegemea mto au chemchemi moja, vyenye katiba yao na mamlaka ya kugawana maji na kusuluhisha ugomvi. Sheria hiyo hutanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, na baada yake maji ya mazingira, yaani kiasi ambacho sharti kiachwe mtoni ili samaki, mikoko na viumbe vingine viendelee kuishi. Kilimo, viwanda na umeme hugawana kinachobaki. Mto Zigi uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyoundwa mwaka 1991 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na ambayo makao yake makuu yako Moshi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Tanga. Umbali huo si jambo dogo kwa mtu anayetaka kuuliza kwa nini jirani yake amepewa kibali cha kutumia maji na yeye hakupewa.

Neno linalotajwa mno katika mipango ya namna hii ni wadau, yaani watu na taasisi ambao uamuzi utawagusa kwa faida au kwa hasara. Katika Zigi orodha yao ni ndefu: wakulima wadogo wa viungo, mashamba makubwa ya chai na mkonge, wasimamizi wa misitu, wafugaji, wachimbaji wa dhahabu, halmashauri za wilaya, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga, na wakazi wa jiji wanaolipa ankara kila mwezi. Kuwakusanya wote hao ukumbini hakuhitaji zaidi ya nauli na chakula cha mchana. Kinachohitaji kazi ni kukubaliana nani atapoteza nini, na hapo ndipo warsha nyingi huishia kwenye maazimio mazuri yasiyotaja shilingi wala ekari.

Mkoa wa Tanga unayo historia yake ya mpango uliotengenezwa bila makubaliano. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, Usambara Magharibi, na baadaye kuupanua katika nchi ya Wasambaa, ikiwaamuru wakulima kulima matuta kwenye miteremko na kuacha kulima sehemu zilizoonekana kuwa za hatari. Kitaalamu hoja ya mabwana shamba ilikuwa na msingi, kwa kuwa udongo ulikuwa kweli ukimomonyoka, lakini kazi ya kuchimba matuta ilikuwa nzito na sehemu kubwa yake iliwaangukia wanawake, ardhi ilikuwa tayari haba, na wengi waliamini kwamba shamba likishaboreshwa litachukuliwa. Upinzani ulikua hadi ukawa sehemu ya siasa za kudai uhuru, na mwaka 1957 mradi ukaachwa. Katika maeneo yaleyale, mradi mwingine wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto ulioanza Lushoto mwaka 1981 ulipata kibali kikubwa zaidi kwa kutanguliza majani ya kulishia ng'ombe wa maziwa na miti yenye faida. Mkulima akapanda matete kwenye makinga maji kwa sababu ng'ombe alihitaji kula, na udongo ukashikwa papo hapo. Tofauti kati ya miradi hiyo miwili haikuwa katika sayansi ya udongo.

Athari za mashamba ya mlimani huonekana wazi katika mtambo wa kusafisha maji wa Mowe, unaopokea maji ya Mabayani. Mvua ya masika inapopiga mteremko usio na miti wala majani, udongo husombwa hadi bwawani, ambako sehemu yake hutuama na kulipunguzia bwawa uwezo wa kuhifadhi maji ya kiangazi, na sehemu nyingine hubaki ikielea katika chembe ndogo mno zisizoweza kuzama zenyewe. Ili kuziondoa, huwekwa dawa ya jamii ya shabu, ambayo huzifanya chembe hizo zinatane, ziwe mabonge mepesi, kisha zitue. Maji yanapozidi kuwa na tope ndipo dawa inapozidi kuhitajika, vichujio huziba upesi, na maji mengine safi hutumika kuvioshea vichujio hivyo. Kwa hiyo shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa mto huko Amani lina bei yake Tanga, ingawa bei hiyo haijaandikwa kwenye ankara ya mtu yeyote.

Ushahidi wa wazi zaidi wa uhusiano huo ulipatikana dhahabu ilipogunduliwa karibu na kijiji cha Sakale mwaka 2003, ambapo maelfu ya wachimbaji walimiminika milimani, wakachimba hadi ndani ya msitu na kuosha mchanga katika vijito vinavyolisha Zigi, huku kukiwa na hofu ya zebaki inayotumika kukamatia dhahabu. Serikali iliwaondoa, lakini uchimbaji wa kificho uliendelea kurudi mara kwa mara, jambo lisilostaajabisha, kwa kuwa kijana asiye na shamba hakuwa amepewa njia nyingine ya kupata fedha katika mlima huohuo.

Kanuni inayowagusa wakulima wengi kuliko zote ni ile ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mezani kipimo hicho ni chepesi. Shambani mambo huwa mengine. Mkulima ambaye shamba lake limepakana na mto kwa urefu wa mita 50 tu hutakiwa kuacha mita za mraba 3,000, karibu robo tatu ya ekari, na katika milima ambako familia nyingi zina ekari moja au mbili, ambazo aghalabu sehemu yake yenye rutuba ni hiyohiyo ya bondeni, agizo hilo maana yake ni kuondoa chakula cha miezi kadhaa. Kigingi kinaweza kupigwa kwa siku moja na kung'olewa usiku wake. Hata hivyo maneno ya sheria yanaacha nafasi ya mazungumzo, kwani kinacholengwa ni shughuli yenye madhara, na kuna tofauti kubwa kati ya kulima mahindi kwa jembe kila msimu na kuotesha miti na majani ambayo mizizi yake inashika udongo mwaka mzima.

Katika nafasi hiyo ndipo ulipoingia Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi-Zigi, unaojulikana kwa kifupi chake cha UWAMAKIZI, ambao wanachama wake ni wakulima wa vijiji vya milimani waliokubali kuacha au kubadili kilimo kando ya vijito, kupanda miti, kuweka makinga maji na kulindana wao kwa wao. Kazi hiyo imesaidiwa na mamlaka ya maji ya Tanga, bodi ya bonde na wafadhili, ukiwamo mradi wa usimamizi endelevu wa ardhi katika mabonde ya Ruvu na Zigi uliotekelezwa na Umoja wa Mataifa pamoja na serikali (Ruvu inayotajwa hapa ni ile ya Morogoro inayopeleka maji Dar es Salaam, si Ruvu ya Kilimanjaro inayoingia Pangani). Utaratibu wa mtumiaji wa chini kumsaidia mtunzaji wa juu huitwa malipo kwa huduma za mazingira, na mantiki yake ni kwamba maji safi ni zao kama iliki, hivyo anayelitunza anastahili kupata kitu. Malipo hayo si lazima yawe fedha taslimu; miche ya mdalasini, karafuu na pilipili manga, mbegu za majani, ng'ombe wa maziwa anayefugwa zizini, au mizinga ya nyuki huweza kufidia mahindi yaliyoachwa, ila karafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na ni katika miaka hiyo ya kusubiri ndipo ahadi nyingi huvunjika.

Wakulima wa Amani wana sababu za kuwa waangalifu na ahadi. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, zaidi ya wakulima 1,000 waliokuwa wakilima iliki chini ya miti katika ushoroba wa Derema, kipande cha msitu kinachounganisha hifadhi, walizuiwa kuingia humo kwa ajili ya uhifadhi, wakalipwa fidia ya mazao yao baada ya kungoja kwa muda mrefu, na wengi wao waliona kwamba fidia hiyo haikulingana na pato la iliki ambalo lingeendelea miaka na miaka. Wengine waliingia katika ufugaji wa vipepeo, kazi ambayo pupa wake waliuzwa kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani na kuzipa familia sababu ya kuutazama msitu kama mtaji. Lakini mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, vipepeo nao waliingia katika zuio hilo, na pato likakatika kwa uamuzi ambao haukuwa na uhusiano wowote na Zigi. Hayo yanafaa kuwekwa mezani kila mpangaji anaposhangaa kwa nini mwanakijiji anaitikia kwa kichwa mkutanoni na kuendelea na jembe lake nyumbani.

Swali la fedha limepata sura mpya tangu mwaka 2024, pale mamlaka ya maji ya Tanga ilipouza hatifungani ya kijani yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na kuiorodhesha katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hatifungani ni hati ya mkopo ambayo wananchi na taasisi huinunua, na mkopaji hulipa riba mpaka muda uishe. Inaitwa ya kijani kwa kuwa fedha zake zimefungwa kwenye kazi zenye manufaa kwa mazingira, nayo hapa ilikusudiwa kupanua na kuboresha huduma ya maji. Wenye hati hizo watalipwa kutokana na mauzo ya maji, na maji yatauzika kwa faida iwapo Mabayani haitajaa tope. Kwa mantiki hiyo, mwekezaji aliyeko Dar es Salaam naye amekuwa mdau wa mteremko wa Amani, pengine bila kujua, na riba yake imewekwa kwenye mkataba wenye tarehe, ilhali sehemu ya mkulima bado hutegemea mradi upo au umefungwa.

Hali ya Zigi ni nyepesi ikilinganishwa na Mto Pangani wenyewe, unaokusanya maji kutoka Kilimanjaro, Meru, Upare na Usambara, ukajaza Bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza mwaka 1964, na ya Pangani Mpya yenye megawati 68, iliyokamilika mwaka 1995. Huko bodi ilipoanza kudai ada na vibali katika miaka ya 1990, wakulima wa mifongo ya Uchagani, ambao mababu zao walichimba mifereji hiyo kwa mikono na kuiendesha kwa kanuni zao wenyewe, waliona ajabu kulipia maji waliyoyahesabu kuwa ya Mungu na mfereji waliouhesabu kuwa wa ukoo. Mwisho wa mto, karibu na mji wa Pangani, maji matamu yakipungua bahari hupanda ndani ya mlango wa mto, na chumvi huharibu visima na kuua minazi ya watu ambao hawakukata mti wala kufungua mfereji popote.

Kaskazini zaidi, mfano wa Zigi unafika mpaka wake. Mto Umba hutoka Usambara Magharibi, hupita nyika kavu ya Mkinga, huvuka mpaka na kumwaga maji yake katika mikoko ya Vanga nchini Kenya. Chini yake hakuna jiji lenye mita za maji na ankara za kukatwa, hakuna bwawa ambalo tope lake lina bei, na bodi inayosimamia sehemu ya juu haina mamlaka upande wa pili. Wanavijiji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wamekwisha kuingia katika mpango wa kulipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao, na mikoko hiyo inahitaji maji matamu na udongo wa Umba kwa kiasi kinachofaa, lakini fedha hizo hazina njia ya kupanda mlima hadi kwa yule anayelima kando ya chemchemi huko Lushoto. Njia hiyo itahitaji mkataba kati ya nchi mbili, na mkataba nao utahitaji mtu wa kumwakilisha mkulima huyo pale utakapoandikwa.