Springi hubeba, shoki hutuliza: Jua kinachouma kabla ya kununua spea

Ukitoka mjini ukaingia ndani, iwe ni Kinango, Ganze, Magarini ama vijiji vya Tana Delta, utakuta magari ya zamani bado yanafanya kazi ambayo gari dogo haliwezi. Land Cruiser za miaka ya 1980 na 1990, Land Rover Defender, Hilux za springi za mabapa. Ndiyo yanayobeba mahindi na maji, ndiyo yanayomkimbiza mama mjamzito hospitali usiku, ndiyo yanayofikisha jeneza mavani barabara ikiwa tope tupu. Gari kama hilo si anasa. Likiharibika mwendoni, anayeumia si mwenye gari peke yake.

Mara nyingi injini huwa bado nzima, kilichochoka ni chini. Gari limeinama nyuma, likipita shimo linadunda kama mpira, na kwenye kona linalala upande. Mwenyewe anampelekea fundi na kusema, "Nibadilishie shoki." Pesa zinatoka, shoki mpya zinafungwa, na gari linabaki limeinama vilevile. Hapo lawama humwendea fundi ama muuza spea, kumbe tatizo ni kwamba tulitibu ugonjwa usiokuwepo.

Kila kimoja na kazi yake

Springi, iwe ya koili ama ya mabapa, ndiyo inayobeba uzito wa gari na mzigo. Shokomzoba, ama shoki kama tunavyoiita gereji, haibebi gari. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo. Springi ikishabonyea hutaka kurudi juu, kisha chini, kisha juu tena. Shoki ndiyo inayoituliza, na nguvu ya ule mtikisiko inageuka kuwa joto. Ndiyo sababu ukienda mwendo mrefu kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, shoki hushika moto, mafuta yake yakafanya povu, na gari likaanza kuelea.

Kwa hivyo, gari lililoinama linalalamikia springi. Gari linalodundadunda linalalamikia shoki. Na gari la miaka thelathini aghalabu hulalamikia vyote viwili, pamoja na bushi zake.

Hili si jambo la starehe ya kukaa. Tairi linaloruka haligusi barabara, na tairi lisilogusa barabara halishiki breki wala halifuati usukani.

Pima kwanza

Kabla ya kutoa shilingi, chukua futi kamba. Egesha gari mahali palipo sawa, bila mzigo, upepo wa matairi ukiwa sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi lililoisha litakudanganya. Linganisha kushoto na kulia, kisha linganisha na kipimo cha kiwanda ukikipata. Upande mmoja ukiwa chini kwa inchi nzima, springi ya upande huo imechoka ama imevunjika.

Kwenye mabapa, angalia kama ule upinde umelala. Tafuta bapa lililokatika na kutu iliyovimba katikati ya mabapa. Chumvi ya bahari haina huruma, hasa kwa wanaoshusha gari ufuoni kuvuta boti. Angalia pia senta bolti, ile inayoshika mabapa pamoja na kuiweka ekseli mahali pake. Ikikatika, ekseli husogea na gari likaenda mshazari kama kaa.

Kwenye shoki, tafuta mafuta yaliyovuja, fimbo iliyopinda na mipira ya miishoni iliyokwisha. Pitisha mkono juu ya tairi. Ukihisi mabonde mabonde, huenda tairi limekuwa likiruka. Wengi husukuma kona ya gari kwa mikono kuona linadunda mara ngapi. Kwa gari dogo jaribio hilo linasaidia, ila kwa gari la kazi springi ni ngumu mno na mikono haitakwambia mengi.

Mtego wa kuongeza bapa

Dawa maarufu huku kwetu kwa gari lililoinama ni kuongeza bapa moja ama mawili juu ya yale ya zamani. Gari linainuka siku hiyohiyo, na mwenyewe anarudi nyumbani ameridhika. Lakini mabapa ya zamani bado yamechoka, na sasa lile jipya gumu ndilo linalopokea kishindo kikubwa zaidi. Gari likiwa tupu linakuwa gumu kama mkokoteni, nyuma inaruka kwenye kila tuta, na ukishika breki kwenye vumbi linateleza. Kuongeza bapa kunafaa pale springi yenyewe ni nzima na mzigo wa kila siku umezidi, bila kupita uzito ambao gari liliruhusiwa kubeba. Si tiba ya springi iliyokufa.

Unaponunua

Mwambie muuzaji ukweli kuhusu mzigo wako. Gari linalobeba familia halihitaji springi za gari linalobeba mawe. Ujue pia mwaka wa gari lako. Land Cruiser za kazi za mfululizo wa 70 zilikuwa na mabapa mbele na nyuma, lakini kuanzia 1999 zikawekwa koili mbele. Ukienda dukani na jina la gari tu, unaweza kurudi na kitu kisichoingia.

Shoki nunua mbili mbili kwa kila ekseli, kamwe usibadilishe upande mmoja. Urefu wake ufuate springi: ukiinua gari kwa springi ndefu ukaacha shoki fupi, shoki itavutwa hadi mwisho na kung'oka. Shoki za mitumba ziache. Huwezi kuona ndani yake, na hujui zimetembea wapi.

Kazi yenyewe

Nati zenye kutu zipigwe mafuta ya kulegeza tangu jana yake. Gari lizuiliwe magurudumu na likae juu ya stendi imara chini ya chesisi. Jeki peke yake si ya kuaminika mtu akiwa chini. Ekseli ishikiliwe kwa jeki ya pili, isije ikaning'inia kwenye paipu ya breki.

Kwenye Prado, springi ya mbele imevalishwa juu ya shoki na imebanwa kwa nguvu. Kuifungua bila kifaa chake cha kubania ni kuchezea roho. Hiyo mwachie fundi mwenye kifaa.

Kwa mabapa, weka yubolti mpya. Zile za zamani zimeshavutika na hazitashika kama mwanzo. Zikazwe kwa kupokezana, huku na huku, ili zibane sawa. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi huliruka: bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limeshuka chini kwa uzito wake. Ukizikaza gari liko hewani, mpira unakaa umejisokota na utapasuka mapema.

Baada ya kilomita kama 500, yubolti zikazwe tena. Magurudumu yapelekwe alaimenti, na taa za mbele zirekebishwe zisiwapofushe wenzako. Na kwenye pikapu nyingi kuna valvu ya breki za nyuma iliyoungwa na ekseli kwa fimbo. Bodi ikiinuka, valvu hiyo hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Isiporekebishwa, utapakia mzigo mzima huku breki za nyuma zikifanya kazi kidogo.

Pesa zikiwa hazitoshi

Najua hali ilivyo, na si kila mtu anaweza kufanya yote kwa siku moja. Basi fuata mpango. Kilichovunjika kitangulie: bapa lililokatika, senta bolti, yubolti, bushi zilizokwisha. Zifuate springi zilizolala, kisha shoki, ekseli moja moja. Mpaka hapo, punguza mzigo na punguza mwendo.

Na ukimpelekea fundi gari, usimwambie abadilishe nini. Mwambie gari linafanya nini, mpe vipimo ulivyochukua, umuulize amekuta nini. Fundi anayeijua kazi yake hachukii kuulizwa. Watu wanaopanda gari lako wamekuamini na roho zao, na roho ya mtu ni amana.