Mfumo Endeshi Mdogo kwa Mashine Pepe

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Ina RAM, diski na mfumo endeshi wake, lakini vyote humegwa kutoka kwenye kompyuta moja iliyo mezani. Programu inayogawa rasilimali hizo huitwa haipavaiza. Mfano wake ni VirtualBox.

Kwa nini mashine pepe hutosheka na mfumo endeshi mdogo?

Mfumo endeshi wa kawaida hutengenezwa bila kujua utawekwa kwenye kompyuta gani. Kwa hiyo hubeba draiva za printa, kamera na kadi za sauti za aina nyingi. Mashine pepe huonyeshwa na haipavaiza vifaa vichache vinavyojulikana: diski, kadi ya mtandao na skrini. Draiva nyingine zote ni mzigo.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni programu huria, hivyo yeyote anaruhusiwa kuipunguza. Mwaka 2007 Ubuntu ilitoa toleo la JeOS kwa ajili ya mashine pepe. Leo Alpine Linux pia ina toleo la aina hiyo, na usimikaji wake wa msingi huchukua takriban MB 130 za diski.

Mfano: Mwanafunzi wa Kipawa ana kompyuta yenye RAM ya GB 4. Anataka kujifunza mitandao kabla ya kuomba nafasi VETA Kipawa. Akiiachia kompyuta halisi GB 2, hubaki MB 2,048.

(a) Mfumo wenye madirisha na picha, ukitengewa MB 2,048: mashine 1. Hapo hakuna mtandao wa kujifunzia.

(b) Mfumo mdogo, ukitengewa MB 256: 2,048 ÷ 256 = mashine 8. Moja itakuwa seva, na saba zitaomba huduma kwake.

Faida nyingine: programu zikiwa chache, mianya ya wadukuzi na masasisho hupungua.

Hasara: hakuna madirisha wala kipanya. Kazi hufanywa kwa kuandika amri, na kila programu ya ziada huongezwa na mtumiaji mwenyewe.

Zingatia: Usiandike kwamba mfumo mdogo haujakamilika. Kiini cha Linux kimo, nacho husimamia RAM, faili na mtandao kama kawaida.

Jipime: Kompyuta ina RAM ya GB 8, na GB 2 zimeachwa kwa kompyuta halisi. Mashine pepe ngapi za MB 512 zinaweza kuwashwa kwa pamoja? (Jibu: 12)