Nani Anaruhusiwa Kushuhudia Kiapo Chako?



Tuseme mama mmoja wa kijijini kwenu amefiwa na mume wake. Marehemu alikuwa mfanyakazi mjini, na sasa mama anafuatilia mafao yake. Karani anaangalia karatasi. Kwenye kitambulisho cha Taifa mama ameandikwa Mwajuma. Kwenye karatasi za marehemu ameandikwa Mwanajuma. Ni mtu yule yule. Herufi mbili tu zimezidi. Lakini karani anasema, "Mama, nenda ukalete hati ya kiapo."

Mama anatoka nje. Chini ya mwembe amekaa kijana mwenye meza, mashine ya kuchapa na muhuri. Kijana anaita, "Njoo hapa mama, shikamoo. Ni dakika tano tu."

Je, mama amwendee?

Kwanza tujue hati ya kiapo ni nini. Ni karatasi yenye maneno ambayo mtu ameyasema kwa kuapa kwamba ni ya kweli. Karatasi yenyewe haina nguvu. Nguvu yake inatokana na mtu aliyeruhusiwa na sheria kukuapisha na kukushuhudia ukitia sahihi. Mtu huyo anaitwa kamishna wa viapo. Mara nyingi yeye huyo huyo pia ni mthibitishaji wa hati. Ukimpelekea cheti chako cha shule pamoja na nakala yake, yeye hulinganisha, kisha huandika kwamba nakala ni sawa na cheti halisi. Hapa Tanzania kazi hizi mbili zinaongozwa na sheria moja, Sura ya 12.

Kamishna wa viapo hupatikanaje?

Huenda una binti anayependa kusoma, nawe ungependa siku moja afanye kazi hii. Njia ipo, lakini ni ndefu. Amalize kidato cha sita na kufaulu vizuri. Kisha asome sheria chuo kikuu kwa miaka mitatu au minne. Masomo ya sheria ndiyo yaliyoanza kabla ya mengine katika chuo kikuu chetu cha kwanza. Yalianza Oktoba 1961, hata Uhuru ulikuwa bado, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam.

Shahada peke yake haitoshi. Lazima aende Shule ya Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Huko hujifunza kazi yenyewe ya uwakili. Mitihani yake ni migumu. Mwaka 2022 watu wengi walishtuka kusikia kwamba katika kundi moja la wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine wengi walitakiwa kurudia mitihani, na wengine wakaondolewa. Jambo hilo lilizua maneno mengi nchini. Mzazi alijue mapema, asije akamlaumu mtoto bure.

Akifaulu, huomba kwa Jaji Mkuu akubaliwe kuwa wakili. Akikubaliwa, huapishwa, na jina lake huandikwa katika orodha ya mawakili. Baada ya hapo huchukua leseni ya uwakili, ambayo lazima aifanye upya kila mwaka. Mwenye leseni ndiye anayeweza kulipa ada na kupewa cheti cha kuwa mthibitishaji wa hati na kamishna wa viapo. Basi muhuri ule mdogo unaouona mezani una miaka mingi ya kusoma nyuma yake.

Lakini msomaji, fundi wa mihuri mjini anaweza kuchonga muhuri wa namna hiyo kwa siku moja. Ndiyo maana wako vishoka, yaani watu wanaojifanya mawakili. Yule kijana wa chini ya mwembe huenda ni karani mwaminifu wa wakili fulani. Huenda pia ni kishoka. Mama hana budi kuuliza: wakili mwenyewe yuko wapi? Jina lake nani? Mahakama ina orodha ya mawakili kwenye mtandao, na hata mwalimu wa shule au kijana mwenye simu anaweza kumsaidia kulitafuta jina hilo.

Dalili nyingine iko katika kazi yenyewe. Kamishna wa kweli hutaka umfikie wewe mwenyewe. Huangalia kitambulisho chako. Hukuapisha kwa imani yako, na ukitia sahihi, unatia mbele ya macho yake. Kisha yeye huandika jina lake, mahali na tarehe ya kiapo. Sheria inamtaka aandike hayo yote. Kuna watu wameshindwa mahakamani kwa sababu mahali pa kuapia hapakuandikwa, ingawa walikuwa na haki yao. Basi kabla hujaondoka, tazama mwisho wa karatasi. Yamo yote matatu?

Na kama una kesi, wakili anayekutetea katika kesi hiyo haruhusiwi kukuapisha katika jambo hilo hilo. Tafuta mwingine.

Kwa mtu asiyejua kusoma, maneno lazima asomewe kwa lugha anayoielewa, na iandikwe kwamba alisomewa, ndipo atie dole gumba. Hapa ndipo wazee wetu wengi walipoumia. Waliambiwa "weka dole hapa", wakaweka, kumbe wameuza shamba. Wewe sasa unasoma. Usitie sahihi kwenye karatasi tupu hata kama anayekuomba ni ndugu yako. Soma kila mstari, hata kama watu wamepanga foleni nyuma yako. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na aliyetia sahihi ndiye atakayeulizwa.

Muhuri wa mwenyekiti wa kijiji una kazi zake, kwa mfano barua ya utambulisho. Hauwezi kushika nafasi ya kiapo. Hakimu, kwa upande wake, anaweza kukuapisha. Kwa hiyo kama mawakili wako mbali, ulizia kwanza katika mahakama iliyo karibu nawe kabla ya kulipa nauli ya kwenda mjini. Uliza ada, na ukilipa, dai stakabadhi.

Mama yetu basi akusanye kitambulisho, cheti cha ndoa na barua ya kijiji, aende mahakamani au kwa wakili mwenyewe. Aombe kiapo kiandikwe kwa Kiswahili ili akisome. Atoe nakala tatu. Moja ampe karani, moja abaki nayo mkononi, na ya tatu aiweke nyumbani mahali ambapo mvua na panya havifiki.