Wazee Wateremkapo Pwani

Kila mwaka, baridi ya Julai na Agosti inapowabana watu wa Nairobi, Kiambu na Nyeri, makundi ya marafiki wenye umri wa miaka sitini, sabini na hata themanini hufunga mifuko yao ya gofu na kuteremka Pwani. Hukaa siku nne au tano. Leo wanacheza Nyali, kesho Vipingo, na wenye nguvu huvuka kivuko cha Likoni hadi Diani. Jioni hula pamoja, hutuzana, hutozana faini, kisha hurudi bara na kuanza kuchangia safari ya mwaka ujao.

Anayewatazama kwa mbali huona likizo ya watu waliojaliwa. Nimekaa karibu na makundi haya kiasi cha kuona jambo kubwa zaidi. Safari hii imekuwa desturi kamili, yenye viongozi, miiko, adhabu na namna yake ya kuwakumbuka waliotangulia. Kazi yake kuu ni kuhakikisha kwamba mtu hazeeki peke yake.

Mizizi yake iko katika historia ya nchi. Gofu ililetwa Kenya na wakoloni. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906 na kupewa hadhi ya kifalme mwaka 1935. Ya Mombasa ilianza 1911, na ya Muthaiga 1913. Kwa miongo mingi Mwafrika aliingia katika viwanja hivyo kama kedi (mbeba mifuko ya wachezaji), mkata nyasi au mpishi. Baada ya uhuru wa 1963, milango ilianza kufunguka kwa watumishi wa umma, mameneja wa mashirika, wahandisi, mawakili na maofisa wa benki. Mwai Kibaki, aliyekuwa rais wa tatu kuanzia 2002 hadi 2013, alijulikana kama mchezaji wa Muthaiga muda mrefu kabla ya kuingia Ikulu. Mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza 1967, yaliwaleta wachezaji wakubwa wa dunia. Mhispania Seve Ballesteros alitwaa ubingwa wake mwaka 1978, na wapo wazee ambao hadi leo hukueleza alivyopiga mpira kana kwamba ni jana.

Kizazi hicho kilikuwa cha uhamisho. Mtu aliajiriwa Nyeri, akahamishiwa Kitale, kisha Kakamega, kisha Kericho. Kila alikopelekwa kulikuwa na klabu: Kericho katikati ya mashamba ya chai, Mumias kando ya miwa, na katika vilima vya Nandi klabu inayobeba jina la dubu wa kutisha anayesimuliwa na wenyeji. Mgeni aliyefika wilayani bila ndugu wala jirani wa kwao alipata marafiki Jumamosi ya kwanza, uwanjani. Hakuulizwa kabila. Aliulizwa handikapu yake, yaani kipimo cha uwezo wake mchezoni. Urafiki ulioanza hivyo ulivuka mipaka ambayo siasa zetu zimeshindwa kuivuka, na ndiyo sababu katika safari hizi utamkuta Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo, Mkalenjin na Mhindi wa Parklands wakigombania bili ya chai. Walitawanywa na kazi. Safari ya Pwani huwakusanya tena.

Mtumishi wa serikali nchini mwetu hustaafu akiwa na miaka 60. Siku moja ana ofisi, dereva na watu ishirini wanaosubiri sahihi yake. Wiki ifuatayo simu hailii. Watoto wako Doha, Dallas au Kilimani wakihangaika na maisha yao. Shamba la ushago lina heshima yake, lakini ng'ombe hawajui hadithi zake za zamani. Mzee anaweza kupitisha mwezi mzima bila kuulizwa maoni na mtu yeyote wa rika lake. Safari ya mwaka humrudishia vitu vitatu alivyopoteza: tarehe anayoingojea, kazi anayotegemewa kuifanya, na watu watakaouliza asipofika.

Ndiyo maana hakuna anayekwenda kama abiria tu. Kundi ninalolifahamu zaidi huchagua nahodha kila mwaka kwa zamu, na hata mtu mpole asiyependa kusimama mbele za watu hufikiwa na zamu yake. Mwekahazina hupokea mchango wa kila mwezi kwa M-Pesa na kuweka orodha mbele ya wote. Mwingine hupanga hoteli, mwingine hupanga nani acheze na nani, na daktari mstaafu hubeba mkoba wa dawa na kuandika nani ana kisukari na nani ana presha. Vyumba hugawanywa kwa kura, ili marafiki wawili wasijitenge wakawa kundi ndani ya kundi. Mchango wa kila mwezi una hekima nyingine iliyofichika: mwenzao anapokwama, mwekahazina na nahodha humalizia fungu lake kutoka mfukoni mwa kundi, na jambo hilo halitajwi mezani kamwe. Nimeona mtu akisafiri miaka miwili kwa utaratibu huo bila heshima yake kuguswa.

Zamani safari ilikuwa ya barabara, na kituo cha lazima kilikuwa Mtito Andei. Tangu treni ya Madaraka Express ilipoanza mwaka 2017, wengi hupanda Syokimau na kushuka Miritini baada ya saa tano au sita. Hakuna anayechoshwa na usukani, na wote husikia hadithi moja kwa wakati mmoja.

Siri kubwa ya desturi hii, hata hivyo, imo ndani ya mchezo wenyewe. Michezo mingi humtupa mzee nje. Gofu ina handikapu, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hupunguziwa kulingana na uwezo wake wa sasa. Tangu 2020 nchi nyingi zinatumia mfumo mmoja wa dunia, na ukomo wa juu ni 54. Mzee mwenye mikwaju 28 hupewa mkwaju mmoja wa ziada katika kila shimo kati ya yale 18, na mmoja zaidi katika mashimo kumi yaliyo magumu kuliko mengine. Nguvu zikipungua, handikapu hupanda. Kwa hiyo mtu wa miaka 79 anaweza kusimama na wa miaka 61, wakashindana kwa haki, na mshindi asijulikane hadi bendera ya mwisho. Sijui mahali pengine katika maisha yetu ambapo udhaifu wa mtu huandikwa wazi, ukahesabiwa na kufidiwa, bila yeyote kumwonea huruma.

Karibu misafara yote huongeza juu ya hapo mtindo wa kuhesabu alama uliobuniwa na tabibu Mwingereza, Frank Stableford, na kuanza kutumika katika klabu ya Wallasey mwaka 1932. Baada ya kutoa mikwaju ya handikapu, aliyemaliza shimo kwa idadi iliyokadiriwa hupata alama 2. Aliyezidisha mkwaju mmoja hupata 1. Aliyepunguza mmoja hupata 3. Aliyezidisha zaidi hapati kitu, huokota mpira wake na kutembea hadi shimo linalofuata. Shimo moja baya haliwezi kuharibu siku nzima. Kwa watu walioishi miaka mingi na kupata hasara zao, ni faraja kubwa kuucheza mchezo unaomruhusu mtu kuliacha kosa nyuma na kuanza upya hatua chache mbele.

Kuna kanuni nyingine ambayo vijana huiona kuwa ya karatasi tu: alama zako huandikwa na mwenzako, nawe huandika zake. Kati ya wazee, kanuni hiyo ni ulinzi. Anayeandika ndiye hutambua kwanza kwamba rafiki yake amesahau mikwaju miwili, kisha mitatu, kisha amesahau shimo walilotoka kucheza. Katika kundi nililolitaja, hivyo ndivyo maradhi ya usahaulifu ya mwenzao yalivyogunduliwa, mapema kuliko nyumbani kwake. Hawakumwondoa. Walimpangia mchezaji mmoja wa kuandamana naye kila raundi, wakazungumza na mkewe, wakampeleka hospitali. Aliendelea kusafiri nao kwa miaka kadhaa, akipiga mpira vizuri hata pale alipokuwa amesahau majina yao.

Pwani nayo huwafundisha unyenyekevu. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali. Wachezaji hukadiria kwamba umbali hupungua kwa karibu asilimia 2 kwa kila mita 500 unazoshuka. Mzee aliyezoea kuvuka bonde kwa fimbo fulani hufika Nyali akaona mpira unadondoka kabla ya lengo, na zaidi ya hapo kuna upepo wa kusi unaovuma kutoka baharini. Ndiyo maana kila mtu huanza mapema, kabla jua halijakaza, na husikiliza anachoambiwa na kedi wa hapo. Katika uwanja wa Mombasa, wenye mashimo tisa juu ya mlango wa Kilindini, wengi husimama tu kutazama meli ikiingia, na wanaosubiri nyuma hawaharakishi mtu.

Hapa kwenye makedi ndipo ninapotaka desturi hii ijitazame vizuri. Kedi hubeba mfuko, husoma upepo, humshika mzee mkono penye mteremko, na humwita kwa heshima: mzee, daktari, mwalimu. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Lakini wapo makedi wenye mvi kama za wachezaji wao, ambao hulipwa kwa raundi na hawana pensheni. Kundi ninalolifahamu hukabidhi makedi pesa zote za faini, na jioni ya mwisho hula nao meza moja, kila kedi kando ya aliyembebea. Lilikuwa wazo la nahodha mmoja, na sasa hakuna anayethubutu kuliondoa. Natamani liwe kanuni ya kila msafara, kwa sababu ushirika unaoishia pale mfuko unapotuliwa chini una upungufu.

Faini zenyewe hutozwa baada ya chakula. Nahodha hukaa kama hakimu, na mashtaka husomwa: fulani alichelewa, simu ya fulani ililia mwenzake akiwa tayari kupiga, fulani alimlaumu kedi kwa kosa lake mwenyewe, fulani alizungumza siasa kabla ya shimo la tisa. Mshtakiwa akijitetea, faini huongezwa. Wote hutozwa, hasa waliokuwa na vyeo vikubwa, na katika kicheko hicho aliyekuwa katibu mkuu wa wizara na aliyekuwa karani wa reli huwa sawa. Zawadi hufuata. Baadhi ya makundi hushindania mbuzi: timu iliyoshindwa humnunua, na wote humla. Bingwa wa mwaka hupunguziwa handikapu kwa safari ijayo, ili kombe lizunguke.

Wanawake wana misafara yao pia, na katika mingi niliyosikia habari zake wajane ni wengi. Mama mmoja aliyefundisha shule ya upili kwa miaka mingi aliniambia kwamba alijifunza gofu akiwa na miaka hamsini na tano ili awe na sababu ya kutoka nyumbani baada ya mumewe kufariki. Sasa ndiye nahodha wa wenzake.

Siku ya kwanza ya safari huchezwa kwa ajili ya wenzao waliofariki. Kabla ya mkwaju wa kwanza, kofia huvuliwa na nahodha husoma majina yote, tangu la kwanza. Kombe la siku hiyo hukabidhiwa na mjane au mtoto wa mmoja wao, ambaye hualikwa kwa gharama ya kundi. Katika jamii zetu nyingi marehemu huzikwa na umati mkubwa, kisha familia huachwa na ukimya. Desturi hii inakataa ukimya huo. Mjane huendelea kupigiwa simu, huulizwa kuhusu karo ya wajukuu, na mahali pake mezani huwekwa kila mwaka.

Najua gofu ni ghali, na kwamba Wakenya wengi wa umri huo hawawezi kulipia hata raundi moja. Hilo halifai kufichwa. Lakini yale yanayoifanya safari hii iwe na thamani hayahitaji nyasi zilizokatwa vizuri: tarehe isiyoahirishwa, mchango mdogo wa kila mwezi, uongozi wa zamu, kipimo kinachomfidia aliyedhoofika, mwenzako anayeandika alama zako, na orodha ya majina isomwayo kwa sauti. Wacheza bao wa Lamu, wanakwaya wastaafu wa Kisumu, walimu waliosoma chuo kimoja wanaweza kuyafanya kwa nauli ya matatu na sufuria ya pilau. Wala si lazima kungoja hadi kustaafu. Makundi yanayodumu nimeyaona yakianzishwa na watu wa miaka arobaini, wenye kazi nyingi na visingizio vingi, walioamua tu kwamba wikendi moja kila mwaka ni ya marafiki na haitaguswa. Aliye na umri huo leo na achague tarehe, amtaje mwekahazina, na apige simu ya kwanza.