Hasara za Tufani na Gharama ya Fidia Yake: Merikebu Edward Bonaventure katika Pwani ya Afrika Mashariki, 1591–1592

Utangulizi

Hasara ya merikebu iliyokumbwa na tufani kwa kawaida huhesabiwa kwa chombo kilichoharibika, shehena iliyopotea na watu waliokufa. Makala hii inafafanua kwamba hesabu hiyo haikamiliki mpaka ijulikane pia hasara ilifidiwa wapi, kwa njia gani na kwa mali ya nani. Mfano unaotumika ni Edward Bonaventure, merikebu ya Kiingereza iliyotia nanga Unguja mwezi Novemba 1591. Chanzo kikuu ni masimulizi ya Edmund Barker, msaidizi wa nahodha James Lancaster, yaliyoandikwa na Richard Hakluyt kutoka kinywani mwake.

Hasara zilizotokea baharini

Merikebu tatu ziliondoka Plymouth mwezi Aprili 1591. Zilipofika Rasi ya Tumaini Jema, maradhi yalikuwa yamewadhoofisha mabaharia kiasi kwamba Merchant Royal ilirudishwa Uingereza na watu 50. Waliobaki walikuwa 198: Penelope ilichukua 101 na Edward Bonaventure 97. Mwezi Septemba, karibu na Rasi Corrientes kusini mwa Msumbiji, zilipatwa na tufani. Usiku, watu wa Edward Bonaventure waliona wimbi kubwa likiifunika Penelope na taa yake ikizimika. Merikebu hiyo haikuonekana tena.

Siku nne baadaye radi iliipiga Edward Bonaventure. Mabaharia wanne walikufa papo hapo. Kati ya watu 94, anasema Barker, hakuna aliyesalimika kabisa: wengine walipofuka, wengine waliumia miguu, mikono na vifua, ingawa hatimaye walipona. Mlingoti mkuu ulipasuka kuanzia kileleni hadi kwenye sitaha, na baadhi ya misumari iliyozama inchi 10 ndani ya mbao iliyeyuka kwa joto.

Msiba wa tatu haukuletwa na hali ya hewa. Huko Ngazidja, baharia mkuu William Mace na wenzake wapatao thelathini walishuka kutafuta maji wakashambuliwa. Waliobaki merikebuni hawakuwa na mashua ya kuwaokolea. Kwa hiyo chombo kilichofika Unguja kilikuwa na upungufu wa namna tatu: mlingoti uliojeruhiwa, mashua iliyokosekana, na ujuzi wa bahari uliokufa pamoja na wenyewe.

Fidia iliyopatikana Unguja

Merikebu ilikaa Unguja hadi tarehe 15 Februari 1592. Upungufu wa mashua ulizibwa kwa mbao zilizokuwamo merikebuni. Hapo bandarini ngurumo nyingine ikautikisa mlingoti wa mbele, nao ukaimarishwa kwa magogo ya nchi kavu, ya miti myekundu na migumu yenye urefu wa takribani futi 40. Badala ya lami walipata takribani ratili 1,000 za utomvu wa rangi ya kijivu na nyeupe, ambao ukiyeyushwa huwa mweusi. Maelezo hayo yanafanana na sandarusi. Kwa kuwa ulikuwa mwepesi kuvunjika, waliuchanganya na mafuta waliyoyateka katika chombo kilichokuwa kikielekea Brazil.

Upungufu wa chakula na wa ujuzi ulizibwa kwa njia tofauti. Waingereza walikamata chombo cha wenyeji kilichokuwa na sharifu mmoja. Barker anasisitiza kwamba walimtendea kwa adabu. Hata hivyo, walimzuilia mpaka mfalme wake alipotoa chakula cha miezi miwili ili aachiliwe. Aidha, siku sita kabla ya kuondoka, mkuu wa kituo cha biashara cha Wareno aliomba kwa barua mtungi wa divai, mtungi wa mafuta na baruti kidogo. Barua ililetwa kwa mtumbwi na Mwislamu wa pwani pamoja na mtumishi Mwafrika. Wa kwanza alirudishwa na vitu vilivyoombwa. Wa pili alichukuliwa, kwa sababu ilifahamika kwamba amewahi kufika India na anazijua kiasi nchi za huko.

Tukio hili la mwisho ndilo lenye uzito mkubwa zaidi kwa hoja ya makala hii. Ujuzi uliopotea Ngazidja ulifidiwa kwa kumwondoa mtu kwao. Mace ametajwa kwa jina na kwa cheo. Mtumishi huyo hakutajwa jina, wala kuchukuliwa kwake hakukuorodheshwa kuwa hasara ya yeyote.

Hitimisho

Barker anawashauri mabaharia wa nchi yake waitafute Unguja kwa ubora wa bandari, maji, samaki, matunda, ng'ombe na kuku. Miaka kumi baadaye Lancaster aliongoza safari ya kwanza ya Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki. Kwa mtazamo huo, safari ya 1591 husomeka kama msiba uliozaa maarifa. Ikisomwa kutoka ufukweni, inaonesha kwamba sehemu ya hasara ya tufani haikubaki baharini: ilihamishiwa kwa watu ambao hawakuwa na hisa katika merikebu wala shehena yake. Mtafiti wa historia ya bahari hana budi kuziweka hesabu hizo mbili katika daftari moja.