Nadharia ya Rasa na Ladha ya Huzuni katika Al-Inkishafi

Makala haya yanafafanua nadharia ya rasa, iliyoasisiwa na wanazuoni wa Kisanskriti nchini India, na kuonyesha inavyoweza kuufaa uhakiki wa ushairi wa Kiswahili. Swali linalotuongoza ni hili: kwa nini msomaji hulifurahia shairi linalomhuzunisha?

Mtaani Mowlem, mashariki mwa Nairobi, jirani anapofiwa, wapangaji hukusanyika jioni kuchanga fedha za mazishi. Hakuna anayetamani jioni hiyo ijirudie. Hata hivyo, mwandishi wa makala haya alipoisoma Al-Inkishafi mtaani humo humo alihuzunika, kisha akairudia kwa hamu. Huzuni hizi mbili zinatofautianaje?

Neno rasa lina maana ya utomvu, na pia ladha. Kwa mujibu wa Natyashastra, kitabu kinachonasibishwa na Bharata, rasa huzuka pale visababishi vya hisia, dalili zake za nje na hisia za mpito vinapochanganyika, mithili ya viungo vinavyokipa chakula ladha moja. Rasa zinazotajwa humo ni nane: mapenzi, kicheko, huzuni, ghadhabu, ushujaa, hofu, kinyaa na ajabu. Abhinavagupta wa Kashmir, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 10 na mwanzoni mwa karne ya 11, aliitetea rasa ya tisa, yaani utulivu. Aidha, alishikilia kwamba sanaa huivua hisia umiliki: huzuni ya shairi si yangu wala ya jirani yangu, bali ni ya binadamu. Msiba hutuumiza kwa kuwa una mwenyewe. Huzuni isiyo na mwenyewe huweza kuonjwa.

Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake mbele ya magofu ya Pate. Madaka yaliyopangwa vyombo vya thamani sasa yanalala makinda ya ndege. Hicho ndicho kisababishi. Msomaji wa Mowlem, ambaye huenda hajawahi kufika Pate, anaionja huzuni hiyo kwa sababu imekwisha kuvuka mipaka ya mji ule. Baadaye inafuata hofu ya Jahanamu, na zote mbili zinauelekeza moyo kuachana na tamaa za dunia, hali iliyo karibu na rasa ya utulivu.

Hatudai kwamba mshairi huyu Mwislamu aliijua nadharia hiyo. Lengo lake lilikuwa mawaidha. Tunachodai ni kwamba, iwapo tutaorodhesha maudhui na tamathali kisha tukakomea hapo, hatutaweza kueleza kwa nini hotuba yenye mawaidha yayo hayo haiwezi kuchukua nafasi ya utenzi huu. Waswahili husema shairi lina ladha. Wakati umewadia, wanafunzi wenzangu, wa kulifanya neno hilo kuwa istilahi ya uhakiki badala ya kuliacha liwe sifa tu.